Kulegezwa kwa masharti ya UVIKO-19 katika makao ya wazee nchini Marekani

Kulegezwa kwa masharti ya UVIKO-19 katika makao ya wazee nchini Marekani kulikuwa mfululizo wa hatua za serikali ya shirikisho za kuondoa kidogo kidogo kanuni za dharura zilizowekwa mwaka 2020. Hatua hizo zilianza Mei 2020 na kufikia kilele tarehe 11 Mei 2023, siku ambayo hali ya dharura ya afya ya umma ilikoma rasmi.

Makao yanayozungumziwa hapa ni yale yanayotoa uuguzi wa saa 24 kwa wazee na watu wenye ulemavu. Marekani ina makao kama hayo takriban 15,000, yenye wakazi zaidi ya milioni moja. Karibu yote hupokea malipo kutoka Medicare na Medicaid, mipango ya serikali ya kugharimia matibabu. Kwa sababu hiyo hulazimika kufuata kanuni za CMS, idara ya shirikisho inayosimamia mipango hiyo.

Kufungwa kwa makao

Mlipuko mkubwa wa kwanza kujulikana katika makao ya wazee nchini Marekani ulitokea Kirkland, katika jimbo la Washington, mwishoni mwa Februari 2020. Wakazi wa makao huishi karibu karibu, wengi wao wana maradhi ya muda mrefu, na wafanyakazi huingia chumba hadi chumba. Mazingira hayo yaliwezesha virusi kuenea haraka.

Tarehe 13 Machi 2020 CMS iliagiza makao yote yazuie wageni, watu wa kujitolea na wafanyakazi wasio wa lazima. Milo ya pamoja na shughuli za vikundi zilisimamishwa. Wageni waliruhusiwa katika hali za huruma tu, hasa pale mkazi alipokuwa anakaribia kufa. Familia nyingi zilibaki kuonana na wazee wao kupitia kioo cha dirisha au kwa simu ya video.

Sambamba na makatazo hayo, serikali ilisimamisha kwa muda baadhi ya kanuni za kawaida ili kupunguza mzigo wa makao na hospitali. Miongoni mwake ni:
- sharti kwamba mgonjwa alazwe hospitalini siku tatu kabla Medicare haijalipia uuguzi wake katika makao;
- sharti kwamba muuguzi msaidizi amalize mafunzo ya angalau saa 75 na kupata cheti ndani ya miezi minne tangu kuajiriwa;
- sharti kwamba daktari amtembelee mkazi ana kwa ana;
- haki ya wakazi kukutana katika vikundi vyao.

Hivyo neno "kulegeza" lina pande mbili katika historia hii. Kwa wageni lilimaanisha kufungua milango iliyofungwa. Kwa wenye makao lilimaanisha kurudi kwenye kanuni ambazo walikuwa wamesamehewa.

Hatua za kufungua

Mei 2020 CMS ilitoa mapendekezo ya kufungua makao kwa awamu, ikiacha kila jimbo liamue kasi yake. Mwezi huohuo makao yalianza kulazimika kuripoti maambukizi kwa CDC, taasisi ya shirikisho ya kudhibiti magonjwa, na kuwaarifu wakazi na familia zao.

Tarehe 17 Septemba 2020 mwongozo mpya uliruhusu kutembeleana, hasa nje ya majengo. Ndani iliruhusiwa kama makao hayakuwa na mgonjwa mpya kwa siku 14 na kama asilimia ya vipimo vilivyoonyesha maambukizi katika kaunti haikuzidi 10. Mwongozo huo pia ulipanua maana ya ziara ya huruma. Sasa ilihusu pia mkazi aliyefiwa, aliyepungua uzito kwa kukosa mtu wa familia wa kumhimiza kula, au aliyekuwa mzungumzaji na sasa akawa haongei.

Chanjo ilibadilisha hali. Mnamo Desemba 2020 wakazi wa makao na wahudumu wa afya waliwekwa katika kundi la kwanza la kuchanjwa. Tarehe 10 Machi 2021 CMS iliruhusu ziara za ndani kwa wakazi walio wengi, hata kama mgeni au mkazi hajachanjwa, isipokuwa katika mazingira machache ya hatari kubwa. Mkazi aliyekamilisha chanjo aliweza kumgusa na kumkumbatia mgeni wake akiwa amevaa barakoa. Aprili 2021 waliochanjwa waliruhusiwa kula na kushiriki shughuli pamoja bila barakoa.

Tarehe 12 Novemba 2021 ziara ziliruhusiwa kwa wakazi wote, wakati wote. Makao hayakuruhusiwa tena kuweka kikomo cha idadi ya wageni au muda wa ziara, wala kudai miadi. Hata wakati wa mlipuko mgeni aliweza kuingia baada ya kuelezwa hatari iliyopo.

Chanjo ya wafanyakazi

Wakati milango ikifunguliwa kwa wageni, sharti jipya liliwekwa kwa wafanyakazi. Novemba 2021 CMS ilitaka wafanyakazi wa taasisi zinazolipwa na Medicare na Medicaid wachanjwe, isipokuwa wenye sababu za kitabibu au za kidini. Majimbo kadhaa yalipinga mahakamani. Tarehe 13 Januari 2022 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu kanuni hiyo itekelezwe, kwa kura 5 dhidi ya 4. Wasimamizi wa makao walihofu kwamba ingezidisha upungufu wa wafanyakazi. Kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na wanawake, na miongoni mwa wafanyakazi wamo wahamiaji wengi.

Kurejea kwa kanuni za kawaida

Aprili 2022 CMS ilitangaza kwamba misamaha kadhaa ingekoma kwa makundi mawili, baada ya siku 30 na baada ya siku 60. Ziara za madaktari ana kwa ana na mikutano ya wakazi zilirudi Mei, na sharti la mafunzo ya wauguzi wasaidizi likarudi Juni. Idara hiyo ilieleza kwamba ukaguzi ulikuwa umebaini kasoro katika utunzaji wa wakazi, zikiwemo vidonda vya kulalia na kupungua uzito.

Septemba 2022 uvaaji wa barakoa kwa wote haukuwa tena wa lazima mahali ambapo maambukizi hayakuwa ya juu, na upimaji wa mara kwa mara wa wafanyakazi wasio na dalili uliondolewa. Dharura ilipokoma tarehe 11 Mei 2023, sharti la siku tatu hospitalini lilianza kutumika tena. Sharti la chanjo kwa wafanyakazi lilifutwa baadaye mwaka huohuo. Wajibu wa kuripoti maambukizi na kuwapa wakazi nafasi ya kuchanjwa uliendelea.

Athari na mjadala

Kufikia Februari 2022 zaidi ya wakazi na wafanyakazi 200,000 wa taasisi za utunzaji wa muda mrefu walikuwa wamefariki kwa UVIKO-19. Waliounga mkono kufungua polepole walitaja idadi hiyo. Waliotaka milango ifunguliwe mapema walisema kwamba upweke nao ulidhoofisha wazee, na kwamba ndugu wengi walikuwa wakilisha, wakiogesha na kutambua mabadiliko ya mgonjwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 tayari ilitambua haki ya mkazi kupokea wageni.

Mjadala huo uliacha alama katika sheria za majimbo. Novemba 2021 wapiga kura wa Texas waliingiza katika katiba ya jimbo haki ya mkazi kuchagua mtu mmoja wa karibu asiyeweza kuzuiwa kumtembelea. Florida ilipitisha sheria inayofanana na hiyo mwaka 2022.