Nani Asimulie Habari za Shamba? Sayansi na Sauti ya Mkulima, kutoka Matuta ya Uluguru hadi Simu ya Mkononi



Mazimbu ni mahali pafaapo kuzungumzia masimulizi. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliipatia ANC ardhi hapa, palipokuwa shamba la mkonge, na pakajengwa chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu. Mwaka 1992 ANC ilikikabidhi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kumbukumbu nyingi za chuo kile zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini. Basi simulizi huweza kuzaliwa mahali pamoja na kutunzwa pengine. Jambo hilo tutalirejea.

Mada yetu ni usimulizi wa kidijitali, yaani matumizi ya picha, sauti na simu ili wenyeji waelezee maarifa yao mbele ya sayansi. Hoja yangu ni kwamba chombo kipya humpa mkulima sauti pale tu anapokuwa msimulizi, na mtaalamu akawa msikilizaji.

Tuanze na milima tuionayo kutoka hapa. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ambao shabaha yake ilikuwa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko. Hofu ya mmomonyoko ilikuwa na msingi. Hata hivyo, mahali pengi matuta yale yalifukua udongo wa chini usio na rutuba, na mavuno yakapungua. Aidha, ardhi ya Uluguru ni ya koo zinazofuata upande wa mama, na alimaye ardhi ya ukoo usio wake hutoa ada iitwayo ngoto. Aliyeutazama mteremko peke yake hakuweza kuuona uhusiano huo. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ukaachwa. Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walioujua udongo ule walikuwapo, lakini hawakuombwa kuusimulia.

Baada ya uhuru, sayansi ilibadili njia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadiliana kwa msaada wa vijitabu, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Tofauti na matuta ni dhahiri: hapa palikuwa na majadiliano, tena kwa Kiswahili. Lakini sauti iliyosafiri mbali ilikuwa ile ya studio. Yaliyosemwa chini ya mwembe yalibaki chini ya mwembe.

Mgeuko ninaotaka tuutafakari ulitokea mwaka 2011 katika Wilaya ya Bagamoyo. Wakulima kumi wa Chambezi, wanawake watano na wanaume watano, walianza mradi ulioitwa Sauti ya Wakulima, kwa ushirikiano na Eugenio Tisselli, mwanaprogramu na msanii kutoka Mexico, pamoja na watafiti wa Tanzania na Uswisi. Walikuwa na simu mbili tu, wakipokezana. Kila mmoja alipiga picha shambani, akarekodi maelezo kwa sauti yake, na ujumbe huo ukawekwa kwenye intaneti. Kila Jumatatu walikutana kuzitazama picha na kuzisikiliza sauti pamoja.

Lengo la awali lilikuwa kuonyesha athari za mabadiliko ya tabianchi. Muda si mrefu wakulima waliupanua mradi: wakawahoji wakulima wenzao na kurekodi mbinu za wengine ili wajifunze. Yaani, waliacha kuwa wakusanyaji wa data za mtaalamu, wakawa waulizaji. Kwangu, hilo ndilo tukio la kihistoria. Simu yenyewe ni kifaa tu.

Ushahidi wa hilo ni kwamba kifaa kilekile chaweza kuturudisha nyuma. Tunayo leo programu ya Nuru, itambuayo magonjwa ya mihogo kwa kamera ya simu hata pasipo intaneti, tena kwa Kiswahili. Ina manufaa makubwa, nami siibezi. Lakini katika mazungumzo hayo, mashine ndiyo isemayo na mkulima ndiye asikilizaye, kama enzi za redio.

Sisi wanaisimu tunahusikaje? Katika miteremko ya Uluguru, maarifa ya udongo, mvua na mbegu yamehifadhiwa kwa Kiluguru. Lugha hiyo imechunguzwa, hasa katika utafiti wa Daniel Mkude kuhusu sintaksia yake wa mwaka 1974, lakini si lugha ya shule wala ya ofisi. Maandishi humtaka mzee kwanza ajifunze kuandika lugha ambayo hakufundishwa kuiandika. Rekodi ya sauti humpokea kama alivyo. Aidha, tukimtaka aeleze kwa Kiswahili tu, tutapata maana ya jumla na kupoteza istilahi. Kiswahili, kilichopiganiwa ili kimwokoe mwananchi na lugha ya mkoloni, kisije kikawa pazia la pili.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, masimulizi yarekodiwe kwa Kiluguru na kufasiriwa kwa Kiswahili, asili na tafsiri zikitunzwa pamoja. Pili, wasimulizi wenyewe waamue lipi litangazwe na lipi libaki la ukoo, maana si kila lijulikanalo ni la kila mtu. Tatu, nakala zikae hapa Morogoro, na zirudi vijijini katika umbo ambalo wasimulizi wanaweza kulisikiliza na kulisahihisha.

La tatu ndilo gumu. Tovuti huzimika, miradi huisha, wafadhili huondoka. Kumbukumbu za Mazimbu angalau zilikwenda kwa wenyewe. Masimulizi ya Uluguru tukiyaacha katika kompyuta za ng'ambo, yatakuwa yamekwenda kwa nani? Swali hilo nawaachia wanafunzi, na Matombo si mbali kutoka hapa.