Kabla Hatujavunja Nyumba ya Bibi Tujenge Fremu

Wadau, nilipotea kidogo. Nilikuwa nyumbani Ujiji kwa wiki mbili, likizo ambayo mhariri wangu alinipa kwa shingo upande. Nilijua nakwenda kula migebuka na kulala. Kumbe nilikuwa nimeitwa kwenye kikao cha ukoo.

Ajenda ilikuwa moja tu. Baba mdogo anataka tuvunje nyumba ya bibi, tujenge fremu nane za maduka, na fedha akope benki kwa dhamana ya kiwanja hichohicho. Hoja yake ni kwamba reli ya kisasa inakuja Kigoma, na reli ikishafika kila mwenye fremu atakuwa tajiri. Nikamuuliza vipi kuhusu hali ya sasa, mbona wafanyabiashara wanalia. Akasema ndiyo wakati wenyewe, maana mwerevu hujenga wenzake wakiwa wamelala. Bibi angehamia chumba kimoja kwake Mwanga.

Bibi mwenyewe hakusema neno. Alikuwa anachambua dagaa. Basi wazee wakanigeukia: "Haya mwandishi, wewe ndiye uliyesoma chuo kikuu. Tuambie." Nikawaomba siku kumi. Nikazitumia kusoma na kuzungumza na wazee, na hiki ndicho nilichowaletea. Nakiweka hapa kwa sababu najua wengi wenu mna baba mdogo kama wangu.

Tuanze na Ujiji yenyewe. Wengi tunaijua kwa ule mwembe na hadithi ya Stanley kumkuta Livingstone mwaka 1871. Lakini Stanley hakuja porini, alikuja mjini. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kutoka pwani walikuwa wameweka makazi hapa, na Burton na Speke walipofika Februari 1858 waliikuta njia ya misafara inafanya kazi. Sokoni palikuwa na samaki, mawese, nguo, jembe, na chumvi kutoka Uvinza. Likumbuke jina hilo la Uvinza, tutalirudia.

Cameron, Mwingereza aliyefika mwaka 1874, ameeleza jambo lililonifurahisha sana. Fedha ya soko la Ujiji ilikuwa shanga zilizoitwa sofi, zenye umbo la vipande vya shina la kiko. Asubuhi watu wa kubadilisha fedha walikaa sokoni kukupa sofi kwa mali uliyokuja nayo, na soko likikaribia kufungwa walizinunua tena. Yaani tulikuwa na maduka ya kubadilisha fedha miaka 150 iliyopita, tena bila leseni.

Tusijidanganye lakini. Utajiri mkubwa wa mji ule ulikuwa pembe za ndovu na watumwa. Upande wa bibi sisi ni Wamanyema, maana yake wazee wetu walivuka ziwa kutoka Kongo, na si wote waliovuka kwa hiari. Vigogo wa biashara kama Mwinyi Kheri, na baada yake Rumaliza, hawakuwa wanauza dagaa.

Biashara ile ilipokufa, mji haukufa siku hiyohiyo. Wajerumani waliweka kituo chao Ujiji mwaka 1896, na maduka yakaendelea. Kilichoupiga mji kilikuwa kitu kingine, na ndicho baba mdogo anachokitegemea leo: reli.

Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na mwanzoni mwa 1914 ikafika ziwani, takriban kilomita 1,250 kutoka pwani. Ujiji ilikuwa ndiyo mji mkubwa wa ukanda huu. Mtu yeyote mwenye duka angeapa kwamba reli itaishia mlangoni kwake. Haikuishia pale. Iliishia Kigoma, kilomita nane hivi kaskazini, kwa sababu Kigoma ina ghuba yenye kina na iliyokingwa na upepo, wakati ufuko wa Ujiji uko wazi na maji yake ni mafupi. Tena maji yalikuwa yamekimbia. Ziwa lilijaa sana hadi mwaka 1878, kisha mto Lukuga ukafunguka upande wa Kongo na maji yakashuka mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana leo ukisimama kwenye mnara wa Livingstone unajiuliza ziwa liko wapi.

Kwa hiyo stesheni ikajengwa Kigoma, bandari Kigoma, na meli kubwa, ile tunayoiita Liemba, ikaungwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Aliyekuwa na jengo zuri Ujiji alibaki nalo. Jengo halina miguu. Waliohama mapema wakapata viwanja kando ya barabara inayopanda kutoka stesheni. Hapa lazima nikiri kwamba baba mdogo ana hoja: waliowahi walifaidika. Lakini waliwahi mahali reli ilipofika, hawakuwahi mahali walipotamani ifike.

Kigoma nayo haikustarehe muda mrefu. Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916, na hata walipowaachia Waingereza walibaki na eneo lao bandarini kwa makubaliano ya mwaka 1921, kodi yake faranga moja kwa mwaka. Mji ukawa mlango wa mizigo ya Kongo na Burundi. Maduka ya barabara kuu, yaliyokuwa ya Wahindi kwa sehemu kubwa, yalijengwa kwa hesabu hiyo: duka mbele, stoo na familia nyuma au ghorofani.

Halafu mwaka 1929 uchumi wa dunia ukaanguka. Bei za mazao zikaporomoka Tanganyika nzima. Na katikati ya shida hiyo, mwaka 1931, reli ya Benguela inayotokea bahari ya Atlantiki upande wa Angola ikaunganishwa na Katanga, huku Wabelgiji wakisukuma mizigo yao ipite njia zao wenyewe hadi Matadi. Kigoma ikapigwa mara mbili: mteja hana fedha, na mzigo una njia nyingine.

Hapa ndipo inapoingia nyumba yenyewe. Baba mkwe wa bibi alikuwa mbeba mizigo. Mizigo ilipopungua na yeye akapunguzwa. Alirudi Ujiji, kwenye nyumba ya miti na udongo yenye baraza mbele, korido katikati na uani nyuma, ile ambayo kila mtu wa Uswahilini anaijua. Akatoboa dirisha la chumba cha mbele, akaweka ubao, akaanza kuuza chumvi, dagaa na mawese kwa vipimo vidogo. Hakulipa kodi kwa mtu. Siku asipouza, hakudaiwa. Anayelala nyuma ya duka lake anaweza kungoja. Mwenye deni la pango hawezi.

Nyumba ilijengwa upya baadaye kwa matofali ya kuchoma na kuezekwa bati, lakini ramani ilibaki ileile, na dirisha lilibaki.

Pigo lililofuata lilikuja na serikali yetu wenyewe. Aprili 1971, Sheria ya Utwaaji wa Majengo ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Jengo lenye zaidi ya miaka kumi mwenyewe hakulipwa fidia. Zile nyumba za duka chini na makazi juu, katika kila mji wa nchi hii, zilikuwa katikati ya shabaha. Familia nyingi za Kiasia zikaondoka. Najua wako watakaosema ilikuwa haki, kwa kuwa Mwafrika alikuwa mpangaji katika mji wake. Sibishani nao. Ninachosema ni kwamba jengo lilitenganishwa na mtu aliyelilinda. Kodi ikawa ndogo, ukarabati ukawa wa kusuasua, na rangi ya mwisho ikabaki ileile kwa miaka mingi.

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa vijijini ili yabaki ya ushirika. Ikafuata vita ya Uganda ya 1978 na 1979, kisha ukame wa bidhaa wa miaka ya themanini mwanzoni. Waliozaliwa zamani wanakumbuka foleni ya sabuni kwenye duka la RTC. Mwaka 1983 kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ilimfanya hata mwenye katoni mbili za sabuni aogope kivuli chake. Bibi anasema chumba cha mbele walikifunga dirisha, wakakiwekea kitanda, wakalala watoto. Baba mdogo mwenyewe amekulia ndani ya duka hilo lililofungwa! Baada ya bajeti ya 1984 kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao, kitanda kikatoka na ubao ukarudi.

Wakati huo majengo makubwa yaliyojengwa kwa kazi moja tu, maghala na maduka ya kampuni za umma, yalikaa na kufuli. Chumba chetu kilikuwa chumba cha kulala. Hakikukaa bure hata mwezi mmoja.

Mwisho kuna jambo ambalo hata mimi nimelisikia nikiwa mdogo. Julai 1996 Buyoya alipindua serikali Burundi, na nchi jirani zikaiwekea vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999. Biashara halali ya Bujumbura, ambayo ni nusu ya pumzi ya bandari ya Kigoma, ikabanwa. Mwaka huohuo vita ya Kongo ikamwaga maelfu ya wakimbizi kwenye fukwe zetu, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Wenye maduka ya jumla walilia. Wenye vyumba walipata wapangaji, kwa sababu wafanyakazi wa mashirika ya misaada walihitaji pa kulala. Bibi alipangisha vyumba viwili vya nyuma na akapunguza bidhaa za mbele. Ada ya sekondari ya baba yangu mdogo wa mwisho ilitoka humo.

Sasa turudi Uvinza. Mkataba wa kujenga SGR kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Hapo baba mdogo yuko sahihi, reli imepangiwa kufika. Lakini Januari 2025 ulisainiwa mkataba mwingine, wa reli ya kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Uvinza iko mashariki yetu, treni inaipita kabla ya kufika Kigoma. Maana yake, siku njia hiyo ikikamilika, mzigo wa Burundi unaoshushwa leo Kigoma ili uvuke ziwa utaweza kukata kona Uvinza na kwenda zake bila kuiona Kigoma. Sisemi Kigoma itakufa. Kongo bado iko ng'ambo, Kalemie na Uvira haziendi popote, na sasa tuna umeme wa gridi ya taifa ambao wazazi wetu hawakuuona. Nasema tu kwamba Ujiji ya 1914 nayo ilikuwa na uhakika.

Na msidhani ni kosa la watu wa mikoani. Dar es Salaam penyewe mradi wa Morocco Square wa Shirika la Nyumba, wenye maduka, ofisi, hoteli na makazi pamoja, ulisimama kwa miaka kadhaa kwa kukosa fedha kabla ya kuendelezwa. Shirika la umma linaweza kungoja miaka. Mkopo wa baba mdogo marejesho yake ni kila mwezi.

Siku ya tisa nilitembea kwa miguu kutoka Mwanga hadi nyumbani. Nikasoma matangazo kwenye milango: fremu inapangishwa, piga namba hii. Mengine karatasi yake imeshapauka kwa jua. Nikamwuliza kijana mmoja anayeuza viatu juu ya turubai, mbele ya fremu iliyofungwa, kwa nini asiipange. Akacheka. "Kaka, mwenyewe anataka kodi ya mwaka na kilemba juu. Hapa nje nalipa ushuru tu."

Kwenye kikao cha pili nilisema hivi. Kila shida iliyopita hapa iliwaumiza zaidi wenye jengo la kazi moja na deni. Nyumba hii imekuwa duka, chumba cha watoto, duka tena, nyumba ya wapangaji, na duka tena. Tukijenga fremu nane zisizo na choo wala uani, mpangaji akikosekana hatuwezi hata kulala humo. Tujenge fremu mbili mbele kwa akiba yetu, bila benki, nyumba ibaki nyuma, na bibi abaki kwake.

Baba mdogo alikasirika. Akasema vijana wa magazeti tunaishi kwa kuogopa. Kisha akanipa hoja ambayo sikuwa na jibu lake: "Ujiji imekuwa maskini miaka mia kwa sababu ya watu wa kungoja kama wewe." Ukumbi ukawa kimya. Labda ni kweli. Waliohamia Kigoma mapema hawakungoja.

Ndipo bibi akaongea, mara ya kwanza katika vikao viwili. Alimwuliza mwanawe: "Hizo fremu nane, zikikosa watu, mimi nitalala ya ngapi?"

Uamuzi haujatoka. Tumekubaliana kukutana tena baada ya Idi, na baba mdogo ameahidi kuja na hesabu za benki kwenye karatasi, mwezi kwa mwezi, ikiwemo miezi ambayo hakuna mpangaji. Mimi nimerudi Dar kazini. Kama kuna mdau kwao wamejenga fremu kwa mkopo miaka ya karibuni, Kigoma au popote, naomba anieleze ilikuwaje. Nitampelekea baba mdogo, na safari hii nitampelekea hata ya waliofanikiwa.