Uzi: Talanta zilikuwepo shuleni hata zamani. Tuliziachaje?

1/ Mjadala wa elimu ukianza tu, lazima mtu aseme: "Mtaala mpya ndio umeleta talanta, 8-4-4 ilikuwa kukariri." Mimi nilisoma 8-4-4 na sivyo nilivyoikuta. Hebu turudi nyuma kidogo.

2/ 8-4-4 ilianza Januari 1985, kufuatia ripoti ya tume ya Mackay ya 1981. Wazo lilikuwa mtoto akimaliza darasa la nane awe na ujuzi wa mikono, hata akikosa nafasi sekondari. Ndiyo maana tulisoma kilimo, sanaa na ufundi, muziki, sayansi kimu na elimu ya biashara.

3/ Mimi nilisuka kikapu cha mkonge, nikachonga mwiko, nikapika uji mwalimu akiangalia. Na masomo hayo yalitahiniwa kwenye KCPE, enzi zile ikiwa ya alama 700.

4/ Shida ilikuwa gharama. Karakana zilijengwa kwa harambee na michango ya wazazi. Shule zenye uwezo zikapata. Zingine zikafundisha upishi ubaoni, bila sufuria wala jiko. Wazazi walilalamika kuhusu pesa, walimu kuhusu wingi wa masomo. Hawakukosea.

5/ Suluhisho likawa nini? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakatolewa kwenye mtihani, KCPE ikabaki alama 500. Hakuna aliyepiga marufuku muziki wala michezo. Vilikuwa kwenye ratiba, lakini kipindi kikifika, mwalimu wa hesabu ndiye anaingia. Mdogo wangu alisoma shule ile ile yangu na hakuwahi kushika patasi.

6/ 2003 ikaja elimu ya msingi bila malipo, serikali ikitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Watoto wengi wakaingia darasani, na hilo lilikuwa jema. Lakini viwanja havikuongezeka, na vingine vilinyakuliwa. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa vitoa machozi wakidai uwanja wao.

7/ Sasa tuko na CBC. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na sekondari ya juu ina mkondo wa sanaa na michezo. Mimi naunga mkono. Ila jioni mtoto wangu akifika nyumbani ni "mwalimu amesema tulete gundi, manila na kamba ya kuruka." Jirani yangu hana hiyo pesa, kwa hivyo mtoto wake kesho atakaa akiangalia wenzake. Ni yale yale ya 1985.

8/ Kwa hivyo mwanasiasa akija kwenu kusifu au kuponda mtaala, wa upande wowote ule, muulize mawili tu. Vifaa vya shule ya hapa vitalipiwa na nani? Na hati ya uwanja wa watoto iko mikononi mwa nani?