Miche na Walezi Wake

Msitu ni mali ya urithi, na mali ya urithi hailindwi kwa sheria peke yake. Hulindwa na watu waishio karibu nayo. Historia ya Kenya imelithibitisha jambo hili zaidi ya mara moja.

Mwaka 1922 ofisa wa misitu kutoka Uingereza, Richard St. Barbe Baker, alikuwa akifanya kazi katika nchi ya Wakikuyu. Misitu ilikuwa ikitoweka, na ardhi nyingi nzuri ilikwisha kutwaliwa na walowezi. Baker asimulia kwamba alipowashauri wazee wapande miti, walimjibu kuwa hilo ni shauri la Mungu. Lakini alifahamu kwamba watu wale walikuwa na ngoma za kupanda na za kuvuna. Kwa nini basi miti isiwe na ngoma yake? Kwa msaada wa Chifu Josiah Njonjo, ngoma hiyo ilichezwa Muguga mwezi wa Julai mwaka huo. Vijana 50 walichaguliwa kuwa wa kwanza katika chama cha Watu wa Miti, wakaahidi kupanda miti na kuitunza.

Mfano wa pili ni wa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Utotoni aliteka maji katika kijito kilichochomoza karibu na mugumo mkubwa. Aliporudi akiwa mtu mzima, alikuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Hapo alielewa kwamba mizizi ya mti ule ndiyo iliyokuwa ikiyafungulia njia maji ya chini ya ardhi. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake walipanda miti saba Kamukunji, Nairobi, na kazi ikaenea vijijini. Wanawake waliotesha miche, nao wanafunzi waliipanda katika viwanja vya shule. Mwanamke alilipwa kiasi kidogo cha fedha, si kwa mche aliouchimbia shimo, bali kwa mche uliopona. Kufikia mwaka 2004, Maathai alipotunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa.

Sifa hizo zilivuka bahari. Mwaka 2007 mtoto wa Ujerumani mwenye umri wa miaka 9, Felix Finkbeiner, alisoma habari za Maathai akijitayarisha kuzungumza mbele ya darasa lake. Akawaambia wenzake kwamba watoto wapande miti milioni moja katika kila nchi. Walianza na mti mmoja shuleni.

Leo haja ni kubwa zaidi. Mti huvuta hewa ya kaboni iongezayo joto la dunia na kuiweka katika shina na mizizi yake. Mche uliokufa hauweki chochote. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitangaza nia ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Hesabu hii yapendeza masikioni, lakini kupanda ni kazi ya siku moja, na kulea ni kazi ya miaka. Aghalabu miche hupandwa kwa nyimbo na hotuba, kisha ikaachiwa mbuzi na jua.

Hapa ndipo shule ina nafasi ambayo wengi hawanayo. Ina ardhi, ina vijana, na ina daftari. Yafaa kila mche uandikwe pamoja na jina la mlezi wake. Yafaa pia kuchagua miti ya mahali penyewe, kama mugumo na muiri, na kutopanda mkalitusi karibu na chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi. Na kwa kuwa shule hufungwa Agosti, ilhali mche haujui likizo, hapana budi wanafunzi wakaao jirani wapeane zamu ya kumwagilia. Mwisho wa mwaka na ihesabiwe miti iliyo hai, wala si mashimo yaliyochimbwa. Kwa maana hesabu hiyo ndiyo itakayosomwa na wanafunzi watakaokuja kuketi kivulini.