Nani Alizifuta Mbio za Maili Mia?

Kisa husimuliwa hivi. Tarehe 18 Februari 1979, theluji iliwafungia watu majumbani katika eneo kubwa la mashariki ya Marekani. Walipowasha televisheni wakakuta mbio za maili 500 za Daytona, Florida, zikirushwa moja kwa moja, tangu bendera ya kwanza hadi ya mwisho. Katika mzunguko wa mwisho magari mawili yaliyokuwa yakiongoza yakagongana. Wa tatu, aliyekuwa mbali nyuma, akapita na kushinda, na kamera zikawanasa madereva wakirushiana ngumi kwenye nyasi. Siku hiyo, wanasema, mbio za magari ya stoku zilitoka kusini zikawa mali ya taifa zima. Kisa kitamu kweli. Lakini kinasimama kikipimwa?

Filamu ya siku ile ingalipo, na nimeitazama. Ajali ni kweli, ngumi ni kweli. Mvua nayo ilinyesha Daytona asubuhi ile, na mizunguko ya mwanzo ilikimbiwa polepole ili magari yenyewe yaikaushe lami. Wengi hudai kwamba kama televisheni isingekuwa inasubiri, waandaaji wangesubiri. Mimi natiwa shaka na kilichofuata. Ikiwa alasiri moja iligeuza kila kitu, basi mwaka uliofuata mbio zote zingekuwa hewani. Haikuwa hivyo. Kwa miaka kadhaa nyingi ziliendelea kuonyeshwa vipande vipande, zikiwa zimerekodiwa, mshindi akiwa ameshajulikana. Je, hiyo kamera ilianza kuwasha taa yake lini hasa?

Tunarudi nyuma hadi 10 Aprili 1971, kwenye uwanja wa nusu maili wa Greenville-Pickens, South Carolina. Mizunguko 200, maili 100 tu. Mbio hizo zilirushwa moja kwa moja nchi nzima, mwanzo mpaka mwisho, karibu miaka minane kabla ya ngumi za Daytona. Wasimulizi wa 1979 hawasemi uongo: zao ndizo mbio za kwanza za maili 500 kuonyeshwa hivyo. Ila maili hizo 500 hudondoka njiani kadiri kisa kinavyopokezanwa, na Greenville hudondoka nazo. Kwa nini uwanja uliotangulia haukumbukwi?

Nilidhani jibu ni kwamba hakuna aliyepigana. Kisha nikafungua majedwali ya matokeo. Katika daraja la juu la mchezo huo, msimu wa 1971 ulikuwa na mbio 48. Msimu wa 1972 una 31. Greenville-Pickens inaonekana mara ya mwisho katika daraja hilo Juni 1971, miezi michache tu baada ya kuonekana na taifa zima. Mbio 17 zimetoweka kwenye karatasi kati ya Desemba na Januari. Nani aliyeshika kalamu?

Hapa njia inanuka tumbaku. Sheria iliyosainiwa Aprili 1970 ilipiga marufuku matangazo ya sigara kwenye redio na televisheni kuanzia 2 Januari 1971. Msimu huohuo kampuni ya sigara ya North Carolina ikaanza kuudhamini ubingwa wa daraja hilo. Inasimuliwa kwamba mmiliki mmoja wa timu alikwenda kuomba fedha za gari lake tu, akaambiwa kuna fungu kubwa kuliko hilo, naye akawaelekeza kwa wakuu wa mchezo. Mazungumzo hayo siwezi kuyapima. Tarehe naweza, na zinaoana mno. Sheria ilizuia tangazo, haikuzuia jina kupakwa ukutani mwa uwanja, na kamera haiwezi kulifuata gari bila kuupiga picha ukuta. Basi, fedha iliyofukuzwa mlangoni ilirudi kwa dirisha?

Mwaka 1972 mbio zote zisizofikia maili 250 ziliondolewa katika ratiba ya ubingwa. Hoja yake inaeleweka: aliyeweka jina lake juu ya kombe anataka Jumapili kubwa na umati mkubwa, siyo usiku wa Jumatano katika wilaya ambayo gazeti la mkoa halitumi mwandishi. Lakini nilipofuata shtaka jingine, kwamba ni fedha hiyohiyo iliyoua viwanja vya udongo, nilifika ukutani. Mbio za mwisho za udongo katika daraja la juu zilikimbiwa Raleigh, North Carolina, 30 Septemba 1970, kabla ya msimu wa kwanza wa mdhamini. Lami ilikuwa imeshaamua. Na viwanja vifupi vya North Wilkesboro na Martinsville vilibaki, kwa kuwa mbio zao zilikuwa ndefu vya kutosha. Je, mdhamini alianzisha safari au alipanda gari lililokwisha kung'oa nanga?

Televisheni, wakati huo, ilikuwa mgeni tu. Ilikuja kuwa mwenye nyumba mwaka 2001. Kabla ya hapo kila uwanja uliuza haki zake wenyewe, kwa bei yake. Sasa ziliuzwa kwa pamoja, kwa takriban dola bilioni 2.4. Mgawanyo ndio unaonishughulisha: viwanja vilipata asilimia 65, timu asilimia 25, waendeshaji wa mchezo asilimia 10. Yule aliyenunua injini na matairi alipata robo. Pengo aliliziba kwa wadhamini, nao wadhamini wana watu wa kuhesabu nembo yao imeonekana kwenye skrini kwa sekunde ngapi. Kamera hufuata wanaoongoza, na kuongoza kunahitaji fedha. Anayekimbia nafasi ya 30 aingilie wapi?

Kuna tuhuma moja zaidi, na ndiyo inayopendwa sana: kwamba televisheni iliiua North Wilkesboro, uwanja uliofunguliwa 1947. Tarehe hazikubali upesi. Uwanja ulipoteza mbio zake baada ya 1996, miaka mitano kabla ya mkataba ule mkubwa. Mmoja wa wamiliki alifariki 1995, hisa zikauzwa, na walionunua wakahamishia mbio Texas na New Hampshire. Ni urithi na biashara ya viwanja. Hata hivyo, nani angeitamani Texas bila kuhesabu nyumba zenye televisheni?

Kisha mkasi ukageuka. Udhamini ulikuwa umezibakiza mbio ndefu. Kuanzia 2017 kila mbio zikakatwa katika hatua, magari yakipunguza mwendo mwishoni mwa hatua, nafasi nzuri ya matangazo. Mwaka 2021 malori yalimwaga udongo juu ya zege la Bristol, Tennessee, nusu karne baada ya Raleigh. Mkataba wa televisheni ulioanza 2025 ni wa dola bilioni 7.7 kwa miaka saba. Na mwaka 2023 daraja la juu lilirudi North Wilkesboro kwa mbio za nyota, zisizo na pointi, zawadi dola milioni moja. Nilitazama urefu wake mara mbili: mizunguko 200, maili 125. Kwa kipimo cha 1972 zisingeingia kwenye ratiba. Nani, basi, aliyepata kuwauliza watazamaji kama walizichoka mbio fupi?