Utafutikaji: jina la kazi inayouzwa kwa herufi tatu

Mwenye nyumba ya wageni Kigurunyembe, muuza mdalasini wa Kinole, kijana anayeongoza wageni kwenda Morningside: wote hapa Morogoro wameshaambiwa na mtu kwamba biashara yao inahitaji SEO. Wakiuliza ndiyo kitu gani, hupewa tafsiri iliyokwisha kuota mizizi, uboreshaji wa injini ya utafutaji. Tafsiri hiyo ina kosa, na kosa lake lina gharama. Linamfanya mteja atoe fedha kununua kitu ambacho hakuna awezaye kumuuzia.

Kosa limo katika ile "wa". Kiingereza huweka majina matatu mfululizo, search engine optimization, kikamwachia msikilizaji atambue mwenyewe lipi linahusianaje na lingine. Kiswahili hakitoi ruhusa hiyo. Ukisema uboreshaji wa barabara ya Kisaki, barabara ndiyo inayotengenezwa. Ukisema uboreshaji wa mbegu, mbegu ndiyo inayobadilishwa. Basi uboreshaji wa injini ya utafutaji ni kuiboresha injini, na hiyo ni kazi ya wahandisi wa Google. Fundi aliyekodiwa pale Msamvu haigusi injini hata kidogo. Anachokigusa ni tovuti ya mteja wake: maneno yake, picha zake, wepesi wake wa kufunguka, mpangilio wa kurasa zake, na sababu za tovuti nyingine kuitaja. Anayeisikia tafsiri ile humwona fundi kama mtu mwenye mkono ndani ya Google, anayeweza kulisogeza jina la mteja likakaa juu. Matapeli wa kazi hii wanaishi kwa imani hiyo.

Tuitazame kazi yenyewe kabla ya kuipa jina. Programu za injini ya utafutaji hupita kurasa za intaneti moja baada ya nyingine zikifuata viungo, yaani njia za kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na zinachokikuta hukiweka katika faharasa. Mtu anapoandika swali lake, injini haitoki kwenda kuzunguka dunia. Inafungua faharasa hiyo, inachagua kurasa zinazofaa na kuzipanga. Ukurasa ambao haukuingia katika faharasa hautaonekana hata mtu aandike jina lake kamili. Hapo ndipo tovuti nyingi ndogo zinapokwama. Unakuta picha moja kubwa ya bango, bei na namba ya simu zikiwa ndani ya picha hiyo, na hakuna hata sentensi moja ya kawaida inayosema biashara iko wapi na inauza nini.

Herufi SEO zilianza kusikika karibu na mwaka 1997, enzi za AltaVista na Yahoo, wakati wajanja walipokuwa wakirudia neno moja mara mia katika ukurasa ili wapande juu. Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha Google mwaka 1998, walikuja na kipimo kingine: ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingi, hasa zenye hadhi, huhesabiwa kuwa na uzito. Wajanja wakahamia kwenye kununua viungo. Google nayo ikabana. Mwaka 2011 ilileta mabadiliko yaliyoitwa Panda, ikazishusha kurasa zenye maandishi hafifu. Mwaka 2012 yakafuata ya Penguin, yaliyolenga viungo vya ulaghai. Biashara zilizokuwa zimebebwa na viungo vya kununua ziliporomoka ghafla, na baadhi hazikuwahi kujua kwamba fundi waliyemlipa ndiye aliyezichimbia shimo.

Morogoro inao mfano mzuri wa viungo visivyonunuliwa. Shirika la APOPO, linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, limekuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu mwaka 2000. Mwaka 2020 panya wake aitwaye Magawa, aliyefanya kazi ya kunusa mabomu ya ardhini Kambodia, alipewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza, na vyombo vya habari vya dunia vikaiandika habari hiyo. Hakuna fundi ambaye angeweza kununua kutajwa kwa namna ile. Biashara ndogo haiwezi kungoja medali, ila kanuni ni ileile: uwe na jambo ambalo wengine watataka kuwaelekeza wenzao kulisoma. Maelezo ya njia ya kupanda kilele cha Lupanga katika milima ya Uluguru, yenye mahali pa kuanzia na muda wa kwenda na kurudi, ni jambo la namna hiyo. Bei za njegere na kabichi za Mgeta zikiandikwa kila wiki, nazo pia.

Kwa tovuti ya Kiswahili, hata hivyo, uzito wa kazi uko kwenye maneno ya mtafutaji. Fundi anatakiwa ajue watu wanaandika nini wanapoishika simu, na hapa Kiswahili kina mambo yake ambayo miongozo ya Kiingereza haiyafundishi. Chukua neno kupanda. Mtu wa Dar es Salaam aliyeshuka kwenye treni ya SGR, ambayo ilianza kuchukua abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024, anataka njia ya mlimani. Mkulima wa Nyandira anataka kujua majira ya kupanda viazi. Mwingine anatafuta mahali pa kupandia gari la Matombo, na mwingine anasoma habari za bei kupanda. Ukurasa ulioandikwa "Karibu upande nasi Uluguru" haujamsaidia hata mmoja wao. Ulioandikwa "kupanda mlima Lupanga kwa miguu kutoka Morogoro mjini" umemfikia yule wa kwanza, na hao wengine umewaacha waendelee na safari yao.

Viungo ni neno gumu zaidi. Kinole, Tawa na Matombo huteremsha pilipili manga, mdalasini, karafuu na iliki, vyote kwa jina hilo moja. Kwa neno hilohilo daktari anataja magoti na viwiko, mtangazaji wa mpira anawataja wachezaji wa katikati wa Mtibwa Sugar, na fundi wa tovuti anataja zile njia za kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Muuzaji anayeandika "viungo bora kutoka Morogoro" ameweka bidhaa yake katikati ya umati. Aandike viungo vya chakula, ataje kila kimoja kwa jina lake, na asione tabu kuandika mdalasini mahali pamoja na dalasini mahali pengine, kwa kuwa wanunuzi hutamka yote mawili.

Kuna pia suala la ngeli. Kiingereza hubadilisha neno mwishoni. Sisi tunalibadilisha mwanzoni. Chumba na vyumba, mche na miche, shamba na mashamba havianzi kwa herufi zilezile, na mwandishi makini haiachii mashine kazi yote ya kutambua kwamba ni ndugu. Katika maelezo ya kawaida ya ukurasa maumbo yote mawili huingia yenyewe bila kulazimishwa: vyumba vyetu viko tisa, kila chumba kina choo chake. Anayeandika kwa Kiswahili cha kawaida ameshapita nusu ya njia. Anayetafsiri neno kwa neno tovuti ya hoteli ya nje huishia na maneno kama "malazi ya kipekee", ambayo sijui nani huyaandika anapotafuta pa kulala akiwa stendi ya Msamvu saa nne usiku. Huyo anaandika gesti, au lodge, au hoteli ya bei nafuu Moro.

Wageni wa mbali nao wana maneno yao. Milima ya Uluguru ina ndege mwenye jina la kisayansi Malaconotus alius, aliyeelezwa na Herbert Friedmann mwaka 1927, ambaye hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani. Wapo watu wanaosafiri nchi kwa nchi kwa ajili ya kuona ndege, na huyu wanamwandika kwa jina hilohilo la kisayansi. Ukurasa wa mwongoza wageni unaosema "ndege wa kuvutia" hautakutana nao. Jina hilo likiandikwa mara moja tu, sahihi, pamoja na utaratibu wa kibali cha kuingia katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, linafanya kazi ambayo matangazo ya mwezi mzima hayaifanyi. Huu ndio utaalamu, na hauhitaji mkono ndani ya Google.

Basi tuiteje? Neno injini siligombanii. Wapo wanaopendelea mtambo, lakini injini ya utafutaji imeshakaa na inaeleweka. Kinachohitaji kubadilika ni namna tunavyolitumia neno uboreshaji. Ukitaka usahihi kamili, sema uboreshaji wa tovuti kwa ajili ya utafutaji. Ni refu, lakini halidanganyi, na katika mkataba urefu wake hauna ubaya. Kwa mazungumzo ya kila siku napendekeza utafutikaji. Njia ya kuliunda iko wazi ndani ya lugha: kusoma, kusomeka, usomekaji, kufika, kufikika, ufikikaji, kutafuta, kutafutika, utafutikaji. Linataja sifa ya tovuti yenyewe, sifa inayoweza kuongezeka, kupungua na kupimwa. Ukisema sasa uboreshaji wa utafutikaji, ile "wa" imerudi mahali pake. Mwenye kazi hiyo ni mtaalamu wa utafutikaji.

Pingamizi lipo, na ni la haki: kutafutika siyo kupatikana. Kitu chaweza kutafutwa sana kisionekane. Kwa maana tupu upatikanaji ungelenga zaidi, ila neno hilo lina kazi nyingine tayari. Tunasema upatikanaji wa maji, wa dawa, wa mbolea. Ukisema upatikanaji wa hoteli Morogoro, kila mtu ataelewa kwamba unauliza kama vyumba vipo. Utafutikaji ni neno jipya, halijabeba mzigo wa mtu, na linaweza kufundishwa maana yake. Mtaani kutafuta ni kuhangaikia riziki, na mwenye duka atakayelisikia neno hili akaifikiria riziki yake hatakuwa amekosea sana.

Jina hili linasaidia pia kutenganisha mambo mawili ambayo wauzaji huyafunga katika furushi moja. Kampeni ya matangazo ya mtandaoni, ile unayolipia ili jina lako litokee likiwa na alama ya tangazo, ni mpiga debe wa stendi: anakuita abiria kwa sauti, unamlipa, na ukiacha kumlipa ananyamaza au anapigia gari lingine. Kampeni ina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na kwa msimu wa sikukuu au ufunguzi wa hoteli mpya inafaa sana. Utafutikaji hujengwa polepole na hubaki fedha za matangazo zikishakwisha. Kulipia tangazo Google hakukupandishi katika orodha isiyolipiwa. Kampuni yenyewe imelieleza hilo waziwazi, na bado watu wanauziwa tangazo kwa jina la SEO.

Kuhusu kumwajiri mtu wa kazi hii, jambo la kwanza ni kumkimbia anayeahidi nafasi ya kwanza. Google katika mwongozo wake inasema hakuna anayeweza kuihakikisha. Wafanyakazi wake wamewahi pia kueleza kwamba mara nyingi matokeo huhitaji kati ya miezi minne na mwaka mzima, kwa hiyo ahadi ya wiki mbili nayo ijibiwe kwa mlango. Muulize atabadilisha nini katika tovuti yako na kwa nini. Mtaalamu wa kweli atakuuliza maswali mengi kuliko utakayomuuliza: wateja wako wanatoka wapi, wanakuitaje, wanakosea jina lako vipi, wanapiga simu saa ngapi. Asiyekuuliza maneno ya wateja wako hana cha kufanyia kazi. Asiyejua Kiswahili vizuri, hata awe na vyeti vya Nairobi au London, atahitaji mtu wa kumwambia kwamba kupanda kuna maana nyingi.

Mambo mawili yanaumiza wafanyabiashara kuliko yote, nami nayasema kwa uchungu kwa sababu kuyazuia ni rahisi. Anwani ya tovuti, ile inayoishia na .co.tz, iandikishwe kwa jina la mwenye biashara na barua pepe yake, kamwe isiwe ya fundi. Mkikosana, fundi ataondoka na jina ulilolijenga kwa miaka. Na akaunti ya Google Search Console, ambayo haina malipo, ifunguliwe kwa jina lako, fundi apewe ruhusa tu ya kuingia. Humo utaona mwenyewe maneno ambayo watu waliandika kabla ya kuuona ukurasa wako, na mara ngapi waliubonyeza. Fanya hivyo pia kwa mahali pako katika ramani ya Google, pamoja na picha ya geti na saa za kufungua, maana mgeni aliyeshuka Msamvu usiku huanzia hapo kabla ya tovuti yoyote.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili ambacho pande zote mbili zinakielewa. "Fundi ataboresha utafutikaji wa tovuti ya mteja kwa miezi sita, na kila mwisho wa mwezi atamwonyesha kurasa alizobadilisha, maneno yaliyowaleta watu, na viungo vipya na vilikotoka." Sentensi hiyo inaweza kukaguliwa mwezi hadi mwezi, na mteja asiyejua lolote kuhusu programu anaweza kuikagua mwenyewe.