Alama za Kuuliza Anazozaliwa Nazo Mtoto

Mwaka 1889, mwanasaikolojia wa Kimarekani James Mark Baldwin alipata binti, Helen. Mtoto alipofikisha miezi minne, baba akaanza kumwekea vitu mbele yake, mara kulia, mara kushoto, mara karibu, mara mbali, akiandika ni mkono upi umenyooka. Aliendelea hadi mwezi wa kumi, zaidi ya mara 2,000. Vya karibu Helen alivichukua kwa mkono wowote. Cha mbali, kilichomlazimu kujinyoosha, alikifuata kwa mkono wa kulia.

Lipi amezaliwa nalo, na lipi kajifunza? Mwaka 1896 Baldwin alijibu kwamba hayo mawili yanashikana. Kiumbe mwepesi wa kujifunza huishi na kuzaa, na vizazi vyake hupata muda wa kuzaliwa na kile ambacho wazee walikihangaikia. Ujuzi wa mzazi haurithiwi; kinachorithiwa ni wepesi wa kuupata.

Lakini vizazi elfu vya binadamu nani atavingoja? Mwaka 1950 Mwingereza Alan Turing alipendekeza itengenezwe mashine yenye akili ya mtoto, kisha ifundishwe. Maumbile ya mashine hiyo akayafananisha na urithi.

Jaribio la wazo la Baldwin lilikuja mwaka 1987. Geoffrey Hinton, aliyetunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2024, na Steven Nowlan waliunda ndani ya kompyuta viumbe 1,000, kila mmoja na swichi 20. Robo hivi zilizaliwa zimewashwa, robo zimezimwa, na nusu zilikuwa alama ya kuuliza: hapo kiumbe ajaribu mwenyewe. Mpangilio sahihi wa swichi zote ulikuwa mmoja tu, na aliyepatia 19 alihesabiwa sawa na aliyekosa zote. Kwa bahati tupu, nafasi ya kupatia zote ni 1 kati ya 1,048,576, mithili ya kutafuta sindano gizani. Basi kila mmoja akapewa majaribio 1,000 maishani mwake, na aliyewahi kupatia akazaa zaidi.

Swichi 20 si ubongo wa mtoto, na hilo tusilisahau. Hata hivyo naujali sana utafiti huu, kwani sisi walezi tuna haraka ya kusema "huyu kazaliwa hivyo." Katika kompyuta ile, swichi za makosa zilitoweka, na zilizo sahihi tangu kuzaliwa zikaongezeka. Alama za kuuliza zilipungua kidogo tu, na baada ya vizazi 50 bado zilikuwepo nyingi.